Sindano Niliyoinyamazia

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyenitoa katika kambi ya wakoma akanirudisha hapa Kindu. Mimi ni Yakobo, fundi wa mbao kwenye karakana ya reli. Nitasema yaliyonipata jinsi yalivyokuwa.

Mabaka yalianza mapajani na kiunoni, mahali suruali inapofunika. Yalikuwa makavu, na yaliwasha kupita kiasi. Miaka ilipita nikijikuna na kupaka mafuta ya mawese. Kisha muuguzi wa serikali akaja kukagua wafanyakazi. Alinifunga macho, akanidunga sindano penye baka, akauliza kama nasikia. Nilisikia sana. Lakini mimi nilitahiriwa porini kwetu Pangi, na kule anayeguna huchekwa maisha yake yote. Wenzangu wa karakana walikuwa wakitazama. Nikakaza meno, nikanyamaza. Muuguzi akaandika kwamba ngozi yangu haina hisia, yaani nina ukoma.

Juma lile lile nilipelekwa kambini, njia ya Lubutu. Mke wangu Sofia alikuwa na mimba. Mtoto alizaliwa mimi sipo, na mkoma haruhusiwi kushika mtoto. Nilimwomba Mungu anisafishe ngozi. Hakuisafisha.

Ndugu zangu, wakoma wengi kambini hawakujikuna. Wengine waliungua motoni bila kujua. Tuliojikuna usiku na mchana tulikuwa watatu. Mzee Ramazani alishikwa mwili mzima: ngozi ya moto, inapukutika kama unga, viganja vimepasuka, naye akitetemeka kwa baridi juani. Mama Feza wa Kibombo alikuwa na uvimbe usoni na kwapani, mwingine umekuwa vidonda. Hakuna aliyefikiri kwamba tunaumwa kitu kimoja.

Siku moja Mama Feza aliniuliza, “Baba Yakobo, ile sindano ulisikia ao hapana?”

“Nilisikia.”

“Sasa juu ya nini ulinyamaza? Mimi nililia, wakatazama hii sura yangu, hawakuniamini. Weye hata kulia hukulia.”

“Mimi niko mwanaume.”

“Mwanaume bila bibi, bila mutoto. Enda kwa munganga, umuambie.”

Nilikasirika, siku tatu sikusema naye. Ya nne nilikwenda. Nilimwambia daktari Mbelgiji kwamba nilidanganya kwa kunyamaza, na kwamba wako wengine wawili wanaowashwa kama mimi. Nilipodungwa tena nikapiga kelele. Daktari akatukata sote vipande vidogo vya ngozi, akavituma Leopoldville vikapimwe.

Jibu lilichukua miezi. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja: kansa ya damu inayokaa katika ngozi, inayopata watu wachache, na kila mmoja humtokea kwa sura yake. Haiambukizi. Tukafunguliwa; Mama Feza alirudi Kibombo, mimi huku Kindu. Mzee Ramazani alikuwa amekwisha kuzikwa katika makaburi ya wakoma, naye hakuwa mkoma.

Nyumbani nilimkuta mwanangu anatambaa. Nilimshika, nikalia mbele ya majirani, wala sikuona haya.

Ndugu zangu, sijapona. Mabaka yapo, na daktari hana dawa. Namshukuru Bwana kwa kuuvunja ujeuri wangu, maana ndio ulionifunga kule. Sasa nakwenda kuketi benchi la pili, upande wa wanaume. Jumapili iliyopita mliogopa mabaka yangu, nikalikalia peke yangu. Anayemtegemea Bwana, aje tuketi pamoja.