Namba ya Kwenda na Namba ya Kurudi

Benchi letu la Kirumba limeegemea ukuta wa duka lililofungwa, kichwa kimoja barabarani, kingine upande wa ziwa. Anayefika anakaa upande wa barabara, waliopo wanasogea kuelekea ziwani. Ndiyo sheria yetu, na asiyeitaka akanywe kahawa kwake. Fundi Owiti, aliyelitengeneza benchi lenyewe kwa ubao wa mtumbwi mkuukuu, alikuwa anatutangulia wote asubuhi, kwa hiyo siku zote aliishia mwisho kule, karibu na jiko la Paskazia wa kahawa. Kisha akapata kiharusi, na binti yake Agutu, aliyeolewa Sengerema, ng'ambo ya ziwa, akaja kumchukua akamtunze. Mwanzoni tulisema kivuko ndicho kinachomchelewesha. Sasa daraja limefunguliwa, magari yanapita, na Owiti hajaonekana. Pale mwisho tunapaacha wazi. Hatukukaa kikao, imetokea tu, na anayekaa jirani na hilo pengo ni mimi.

Asubuhi moja Josephat, fundi wa injini za boti tunayemwita Plagi, alikuja na randa mkononi na suruali mpya iliyochanika nyuma.

— Leo nalipiga randa hili benchi. Ukisogea kwenda ziwani unateleza kama limepakwa sabuni. Ukitaka kurudi, linakung'ang'ania nguo.

Mimi wananiita Ndimu, na jina nimelitafuta mwenyewe. Nikamwambia aiweke chini randa yake kabla sijaitupa majini.

— Mzee Ndimu, shikamoo kwanza.

— Marahaba. Iweke chini.

Shimba, ambaye kazi yake ni kupima samaki mwaloni na sisi tunamwita Mzani, akasema hakuna cha ajabu hapo.

— Huyo ni sangara. Mpapase toka kichwani kwenda mkiani, laini. Rudisha mkono uone magamba.

— Benchi lina magamba, Mzani?

— Ubao umebeba samaki miaka yote hiyo. Utakosaje kuambukizwa?

Plagi akasema benchi limeinama tu. Akatoa goroli mfukoni, akaiweka juu ya ubao. Ikatulia palepale. Hakuona aibu.

— Basi ni ziwa linavuta. Maji yote yale, yasivute?

— Hapo umesema, Mzani akadakia. Ndiyo maana mke wangu akienda kwao Usagara harudi mpaka nimfuate.

— Usagara si iko mbali na ziwa?

— Ziwa la kule ni mama yake.

Tulicheka. Mimi nilicheka nikageuka kulia, kuona kama Owiti naye anacheka. Bado nafanya hivyo.

Rwegasira alikuwa akipuliza kahawa yake. Tunamwita Profesa kwa sababu alifundisha fizikia mpaka akastaafu. Binti yake, Kokugonza, yuko chuo kikuu Dar, na utafiti wake ndio huohuo wa msuguano: nyuso mbili zikigusana, kompyuta ikadirie zitateleza vipi.

— Nilimtumia picha ya hili benchi, Profesa alisema. Vitabu nilivyofundishia vilikuwa na namba moja tu ya msuguano. Uende, urudi, namba ileile. Yeye anasema kuna nyuso zinataka mbili, namba ya kwenda na namba ya kurudi. Usipozitenganisha, kompyuta inakudanganya.

— Na sisi yetu ya kurudi imekuwaje kubwa hivyo? Mzani akauliza.

— Aliniuliza, mkiondoka huwa mnateleza kurudi? Nikamwambia hapana, tunasimama tu, kila mtu anaenda zake. Akasema basi nyuzi za mbao mmezilaza upande mmoja miaka yote. Hakuna aliyewahi kuzirudisha.

Plagi aliinua randa, lakini taratibu.

— Kwa hiyo nikipiga hii?

— Namba zote mbili zitakuwa sawa. Litakuwa benchi kama benchi lolote.

Nikaona niseme, maana nilikuwa na uchungu na sikuwa na mwingine wa kumwambia.

— Jana nilimpigia Owiti. Agutu akamwekea simu sikioni. Nilisikia pumzi tu. Nikamwambia nafasi yake ipo. Nyumbani kwangu inayoongea ni redio, Plagi. Hili benchi liache.

Plagi akairudisha randa kwenye begi lake la spana. Paskazia akatumiminia kahawa bila kuombwa.

Ndipo akaja mama mmoja na kikapu kizito, anasubiri meli ya Nansio, amechoka. Sheria yetu hakuijua. Alitokea upande wa ziwa, akasimama mbele ya lile pengo.

— Shikamooni, wazee. Hapa pana mtu?

Mzani alimtazama Profesa. Profesa alitazama ndani ya kikombe. Nilitaka kusema ndiyo, nikaona nitamdanganya huyu mama. Nilitaka kusema hapana, nikashindwa. Yule mama akahamisha kikapu toka mkono mmoja kwenda mwingine, bado anangoja.

— Kaa, mama, nikasema mwishowe. Lakini si hapo. Kaa hapa pangu.

Nikasogea kuelekea ziwani mpaka mwisho kabisa, karibu na jiko. Ubao haukunishika hata kidogo.