Gaspari Mughwai, Fundi Aliyekataa Kutia Dole Gumba

Tarehe 31 Machi 1960, Bwana Gaspari Mughwai, fundi mkuu wa mitambo katika Kiwanda cha Mafuta cha Singidani, anastaafu baada ya kutumikia miaka ishirini na saba. Wafanyakazi wenzake tumeandika maneno haya yasomwe kwenye sherehe yake, mwenyewe akiwa ameketi mbele ya watu asiweze kutukatiza. Kwa kawaida hamruhusu mtu amsifu zaidi ya sentensi mbili.

Alizaliwa Mungaa, akafundishwa kusoma na kuandika na katekista wa huko. Mwaka 1933 alikuja mjini kwa miguu, akaajiriwa kupakua magunia ya karanga na ufuta. Kila alipopata nafasi alikwenda kusimama mlangoni mwa chumba cha injini, mpaka fundi wa wakati ule akachoka kumfukuza, akampa kopo la grisi. Vita vilipomchukua fundi huyo mwaka 1941, injini ikabaki mikononi mwa Gaspari. Alikuwa na fimbo fupi ya mninga. Ncha moja aliiweka kwenye chuma, nyingine sikioni, akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Akiwa hapo ilikuwa marufuku kumsemesha. Wapo vijana waliompa shikamoo alfajiri wakajibiwa marahaba saa nne.

Agosti 1951 ndipo lilipompata jambo ambalo wengi mmelisikia nusu nusu. Kwa miezi miwili alikuwa ameomba mkanda mkubwa wa injini uwekewe kinga, na nyapara akamjibu kila mara kwamba mbao zimeagizwa. Jumanne moja mkanda ule ulinasa shati lake ukamvuta. Hospitali walilazimika kumkata mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko.

Siku ya nne karani wa ofisi alitumwa hospitali na karatasi. Ilisema kwamba Gaspari Mughwai ameacha kazi kwa hiari yake na hana dai lolote kwa kampuni. Karani huyo ni mimi ninayeandika, Simeoni. Niliipiga taipu kwa vidole vyangu kumi, nikaibeba pamoja na pedi ya wino, kwa kuwa mkono wake wa kutia sahihi haukuwapo tena.

“Kaka Gaspari,” nilimwambia bila kumtazama usoni, “meneja anaomba utie dole gumba hapa.”

“Dole gumba langu limebaki kwenye mkanda,” alinijibu. “Mwambie akaliombe huko.”

Mkewe, Kristina, aliyekuwa ameketi pembeni ya kitanda, alicheka huku machozi yakimtoka. Mimi sikujua niangalie wapi.

“Simeoni, hapo pameandikwa nimeacha kazi kwa hiari. Wewe ulinisikia nikisema hivyo?”

“Hapana, kaka.”

“Basi irudishe ulikoitoa.”

Niliirudisha. Yeye hakukaa kusubiri kitakachofuata. Dereva mmoja wa lori kutoka Iguguno alikuwa amemwambia kwamba iko sheria ya fidia kwa mfanyakazi anayeumia kazini, na kwamba Dodoma yuko Ofisa wa Kazi anayepokea malalamiko. Gaspari akaamua kumwandikia, tena kwa mkono wake mwenyewe. Wiki sita nzima alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, Kristina akimshikia karatasi isiteleze. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, herufi kubwa kama punje za mahindi, mistari ikipanda na kushuka. Niliiona baadaye kwenye jalada. Hakuomba huruma popote. Alitaja tarehe, mkanda, mbao zilizoagizwa, na karatasi yangu.

Novemba Ofisa wa Kazi alifika. Mimi na Gaspari tuliitwa ofisini kwa meneja, nami nikaulizwa karatasi ile ilipigwa taipu lini. Nilikuwa na watoto watatu na kazi moja. Nikasema kweli: niliipiga Jumanne ileile ya ajali, kabla hatujajua kama mgonjwa atapona. Ofisa aliichukua ile karatasi, akaikunja, akaiweka kando, akasema fidia ni haki ya mtu huyu na itatolewa yote.

Meneja wa wakati huo hakubisha. “Atapata fidia yake,” alisema. “Lakini injini haiendeshwi na mtu wa mkono mmoja. Hilo sheria haiwezi kunilazimisha.”

Ofisa akamgeukia Gaspari. “Hapo anasema kweli. Fidia ninaweza kuidai. Kukurudisha kazini sina uwezo.”

“Asilazimishwe, bwana,” Gaspari akasema. “Aje aone tu.”

Injini yenyewe ilikuwa imeugua tangu aondoke. Ilikuwa ikigonga, ikizima, na fundi wa muda alikuwa ameifungua mara tano bila kupata kosa. Tukaenda wote. Gaspari aliomba iwashwe, akaweka fimbo yake ya mninga kwenye chuma, akasikiliza. Akasogea hatua moja, akasikiliza tena. Kisha akaamuru izimwe, akaonyesha bolti moja ya chini iliyolegea na bomba la mafuta lililoingia mchanga. Aliikaza ile bolti mwenyewe, spana mkononi na goti likiishikilia isiponyoke. Bomba akalizibua kwa waya. Ilipofika wakati wa kuwasha, alizungusha kamba kwenye gurudumu, akaipitisha begani, akavuta kwa mwili mzima.

Mara ya kwanza haikushika. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikashika, ikanguruma laini kama ilivyokuwa kabla ya Agosti, na kina mama waliokuwa nje wakichambua karanga wakapiga vigelegele hadi sokoni wakasikia.

Meneja alinyoosha mkono wa kulia kumpongeza, akasita, akatoa wa kushoto. “Jumatatu,” alisema. “Saa moja kamili.”

Gaspari alifika saa kumi na mbili na nusu.

Hakurudi ili kukaa kimya. Kabla ya Pasaka iliyofuata kila mkanda wa kiwanda hiki ulikuwa na kinga yake. Mwaka 1954, akiwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, alifanikisha kuandikwa kanuni ambayo leo tunaiona ya kawaida: aliyeumia haachishwi kazi kabla ya kujaribiwa katika kazi nyingine anayoiweza. Wa kwanza kufaidika alikuwa Bibi Stumai, mchambuzi wa karanga aliyeangukiwa na gunia mguuni akashindwa kuchuchumaa. Alitengenezewa meza na benchi. Wenzake walipoona anachambua nyingi kuliko wao na haumwi mgongo, wote walidai meza. Leo hakuna anayechuchumaa.

Uwanjani nako tutamkosa. Alikuwa refa wetu kila Jumapili, filimbi mdomoni, na timu iliyocheza upande wa kulia ilinung'unika siku zote kwamba mkono wa refa unaelekea kushoto tu. Aliwajibu kwamba wafunge mabao, mkono utawafuata.

Wiki iliyopita kampuni ilimteua atakayeshika nafasi yake. Ni Marko Alute wa Iguguno, fundi aliyefundishwa na Gaspari mwenyewe, na anayetembea kwa gongo tangu utotoni. Barua ya uteuzi niliipiga taipu mimi. Inataja ujuzi wake, mshahara wake na siku ya kuanza kazi. Nimeisoma mara mbili kuhakikisha. Mguu wake haukutajwa mahali popote, wala hakuna mtu aliyeuliza.

Bwana Gaspari, asante kwa miaka ishirini na saba. Mama Kristina, asante kwa kutuazima mumeo. Nendeni Mungaa salama, mkalime mkashibe, mpumzike mkiwa na afya. Siku mkija mjini, mlango wa chumba cha injini hautafungwa kwenu.