Yotamu Aliyetangazwa Sokoni Akiwa Mzima

Hakuwa na viatu vya ngozi. Hakuwa na lori, hakuwa na duka, hakuwa na hata baiskeli. Hakuwa na cheti zaidi ya kile cha darasa la nne. Hakuwa na sauti; akisimama mbele ya watu kumi, wa nyuma hawamsikii. Na mwaka 1958, alipojiandikisha kugombea kiti cha baraza, hakuwa na senti ya kampeni.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ni Mzee Yotamu Asukile, fundi mwashi wa Mwanjelwa, tuliyemzika Jumanne. Leo tunamkumbuka yeye.

Yotamu alitaka jambo moja. Sokoni hapakuwa na bomba la maji. Akina mama waliteka mtoni, na mwaka ule kuhara kuliua watoto wanane upande wa chini wa soko. Mmoja alikuwa wa kwake. "Bomba moja tu," alikuwa akisema. "Likija, kiti wachukue wenyewe."

Mpinzani wake, Bwana Jailos, alikuwa na malori mawili na sauti ya kengele. Yotamu akaona dawa ni kununua sauti. Shemeji yake Ezekia, kaka wa mkewe Atuganile, akazungusha kikapu nyumba kwa nyumba. Watu walitoa maharage, ndizi, mayai. "Kuna aliyetoa jogoo mwenye jicho moja," anasimulia Yudith, binti wa marehemu. "Mama alisema jogoo yule alikataa kuuzika." Wakauza vingine vyote, wakapata shilingi ishirini na tano. Ishirini na tano ndiyo ilikuwa bei ya gari la matangazo la Liberatus.

Liberatus alikuwa mtu wa Iringa. Gari lake lilikuwa na vipaza sauti juu ya paa, na lilipita barabara yote, kutoka Mbeya, Igawa, Iringa, mpaka Ruaha Mbuyuni. Alitangaza sabuni na sinema. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa misiba. Ndugu wametawanyika, simu hakuna, basi gari la Liberatus linapeleka habari. Ukilisikia linataja jina la mtu, jina la baba yake na mahali anapokaa, ujue huyo ametutoka.

Hilo hawakulifikiria. Si Yotamu, si Ezekia, wala Liberatus mwenyewe. Jumamosi, soko limefurika, Liberatus akashika kipaza sauti akaanza kama alivyozoea: "Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote. Yotamu, mwana wa Asukile, wa hapa Mwanjelwa, mume wa Atuganile..."

Muuza viazi mmoja akapiga yowe. Soko zima likamfuata. Neno "anagombea" lilisemwa, lakini hakuna aliyelisikia.

Yotamu alikuwa amejibanza nyuma ya kibanda. Akamwona shangazi yake anajitupa chini. Akatoka mbio. "Shangazi, mimi hapa! Mimi hapa!" Shangazi akainuka, akamkimbia.

Jioni nyumba ilijaa watu na unga wa msiba. Walipomshika mkono wakaona una joto, walicheka, wakapika, wakala. "Mwe, Yotamu! Angalau sasa unajua tutakulilia vipi." Kila mmoja akachukua senti zake za rambirambi akaenda. Bwana Jailos naye akatuma salamu: "Mwambieni marehemu, kura za wafu hazihesabiwi."

Lakini gari lilikwishaondoka. Na Liberatus, kwa wema wake, alikuwa ameahidi nyongeza: atalirudia tangazo bure njia nzima.

Yotamu hakucheka tena. Ruaha Mbuyuni aliolewa dada yake, Ikupa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Akamwomba dereva wa basi apeleke neno. Dereva akasema basi lake linaishia Iringa. Akamwomba mwingine. Siku zikapita, kimya. Alikuwa akijenga ukuta, akisikia gari anaacha mwiko na kukimbilia barabarani.

Siku ya kumi na tatu, Ijumaa, utingo wa basi akaleta bahasha. Ilikuwa barua ya Ikupa, iliyoandikwa na katekista kwa niaba yake. Ikupa alimwandikia wifi yake.

"Wifi Atuganile, nimesikia. Miguu imevimba, siwezi kusafiri. Nimenyoa nywele. Nimeuza vitunguu vya mbegu, hizi shilingi ishirini na tano zipokee. Mnunulieni mdogo wangu sanda nzuri. Asizikwe na blanketi."

Kura ilikuwa Jumatatu. Kesho yake baada ya bahasha kufika ilikuwa Jumamosi, soko la mwisho kabla ya kura. Asubuhi Liberatus alikuja amejaa aibu. Safari hii angeanza na neno "chagueni". Ila bei ilikuwa ileile. "Mafuta hayajui kwamba nilikosea," alisema.

"Shemeji, Mungu ameleta," Ezekia akasema, akiitazama bahasha. "Mwandikie leo kwamba u mzima. Hela utamrudishia tukishashinda. Dada yako atakunyima?"

"Hatanikatalia."

"Basi?"

Nje gari lilikuwa linanguruma. Yotamu akamtazama mkewe.

"Usiniangalie mimi," Atuganile akasema. "Aliyekufa kwa maji yale nilimzaa mimi. Na Ikupa ni wifi yangu. Mimi siwezi kukuchagulia."

Yotamu alikaa. Akasimama. Akakaa tena.

"Nimwambie mimi mzima," akasema mwishowe, "halafu nibaki na hela ya sanda yangu?"

Wasikilizaji wapendwa, Yotamu alishindwa kwa kura tisa. Kura tisa tu. Bomba lilikuja baada ya miaka mitatu, na katika miaka hiyo watoto wengine walizikwa. Je, tangazo la pili lingempatia kura hizo? Hakujua. "Baba akipita kwenye bomba alikuwa anaacha kuongea," anasema Yudith. "Tukimwuliza, anasema bado anahesabu."

Kwa Yudith, kwa wajukuu, kwa ndugu wa Ruaha Mbuyuni, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, tukae kidogo na bahasha ile mikononi. Tusijibu haraka tungefanya nini.

Tumwache Mzee Yotamu pale posta ya Mbeya, Jumamosi ile, karibu na saa sita. Amekuja kwa miguu, jasho linamtoka. Barabarani gari la Liberatus linapita likimtangaza Bwana Jailos. Karani anauliza kama barua ina fedha. "Ina shilingi ishirini na tano," anajibu, "iende kwa rejista." Karani anadondosha lakiri, ile nta nyekundu, juu ya bahasha, anagonga muhuri, na kuitia katika mfuko wa Iringa.