Papa Kabera, Kapita Aliyevua Paa la Serikali

Leo, tarehe 30 Septemba 1957, Papa Anselme Kabera, kapita, yaani musimamizi, wa majengo wa sheferi yetu, eneo la Shefu wetu, anaweka chini panga na nyundo baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Mimi Mbonigaba, kapita wa barabara, njo nimeombwa kuandika habari zake, kwa sababu wenye kuandika vizuri walikataa wote. Walijua kwamba muntu hawezi kueleza kazi ya Kabera bila kutaja jiti, ile nyumba ya wageni ya Serikali, na neno la jiti linachoma mudomo. Basi mimi nitalitaja. Shefu, Bwana Mukubwa, Padri, mutanisamehe. Kama hamutanisamehe, mimi nami nimebakiza muda mufupi tu kazini.

Kabera ni mutoto wa Nyamitaba, wa ukoo wa ng'ombe. Baba yake alitaka achunge. Yeye akaenda kubeba matofali kwa mafundi wa Misioni! Mama yake, Mukagasana, alilia kama amefiwa: mutoto wa ng'ombe kushika udongo, jamani, watu watasema nini? Watu walisema sana, lakini mwaka wa 1931 sheferi ilimuchukua, na tangu siku ile kuta zetu zimesimama wima. Dispensari ya Kibabi ni mukono wake. Nyumba za wagonjwa za Kingi ni mukono wake.

Mukali, huyu! Siku moja alipita karibu na jikoni jipya la katekista, akaona ukuta umepinda, akausukuma kwa bega mupaka ukaanguka. Mama wa nyumba alikuwa ndani anageuza ugali. Kabera akamwambia, bila hata kusalimia, kwamba amemuokoa. Katekista hakumusemesha mwaka muzima, lakini jikoni alilolijenga upya liko pale mupaka leo.

Sasa nifike kwenye mwezi wa tisa wa 1949. Upepo ulitoka upande wa musitu wa Walikale, saa za muchana, na mvua ya mawe nyuma yake. Ee Mungu wangu! Mimi nimeona mengi, lakini sikuwa nimeona paa la nyumba likipita juu ya kichwa changu na kuku angali juu yake. Ulipotulia, muteremuko wote wa Kibabi ulikuwa kuta tupu, wazi juu, kama vyungu bila mufuniko. Maharagwe yalisagwa shambani. Migomba ilibaki nyuzi. Tukazika watu wetu, na nilifikiri huo njo mwisho wa ubaya.

Kesho yake Shefu alifanya kazi ya mukubwa wa kweli, na hilo nalisema wazi. Alifungua gala, akagawa mbegu na mablanketi. Alisimamisha kazi ya barabara, akaweka watu wangu wote chini ya Kabera, akaamuru kila nyumba ya Kibabi iezekwe haraka. Miti ya kujengea ilipatikana. Kamba zilipatikana. Kabera akapanda kilimani kutafuta majani marefu ya kuezekea, na alipofika juu alikuta majivu.

Ninyi wa milima munajua. Mwezi wa nane tunachoma malisho, ili mvua ikianza ng'ombe zipate majani mabichi. Mwaka ule Kayitare, mwenye ng'ombe nyingi kuliko sisi wote, alichoma kilima kwa kilima mupaka bondeni, na wengine tukamufuata. Hata unyasi mumoja wa kufunika kiota cha ndege haukubaki! Kulikuwa na vichipukizi vya kulambwa na ndama tu. Tulisimama pale na kamba zetu mikononi. Ni sisi wenyewe tulikuwa tumechoma paa zetu kabla upepo haujafika.

Na mvua ilirudi kila muchana. Baridi ya kwetu haina huruma kwa mutoto. Juma lile tulizika vitoto viwili, si kwa ugonjwa, kwa baridi tu. Kisha Mukasine, bibi wa mulimaji, akazaa ndani ya kuta zisizo na paa, mama mukwe wake Mukabaranga akishika mukeka juu yake. Mutoto alikuwa na midomo ya bluu. Kabera alimuangalia, akatoka bila kuaga.

Paa moja tu lilikuwa limebaki zima: la jiti, nyumba ya Serikali anamolala Bwana Mukubwa, mutawala wa teritware, akija kututembelea. Lilikuwa jipya, nene, la majani tuliyoyabeba sisi wenyewe kwa amri kabla ya moto wa malisho. Ndani yake hakuna muntu. Na Bwana Mukubwa alikuwa anangojewa juma linalofuata.

Kabera alienda kwa Shefu kuomba majani yale. Shefu alishika medali yake ya Serikali kwa mikono miwili. "Kabera, unataka waniondolee hii kifuani? Ama unataka wakuue kwa fimbo?" Kabera akasema amesikia, akaenda zake, nasi tukafikiri neno limekwisha.

Jumapili tulitoka Misa tukiimba, na wimbo ukatukauka mudomoni. Kabera alikuwa juu ya jiti, anakata kamba kwa panga, mafungu ya majani yanaanguka chini, na nusu ya paa iko mifupa. Mama Constance, muke wake, alikaa chini palepale katika matope na nguo zake za Misa. Mimi nilishika kichwa. Mali ya Serikali! Muchana kweupe! Naye Kabera anaita kutoka juu: "Mukuje kuchukua! Liwalo na liwe! Mungu haishi humu, iko kitanda tupu!"

Hakuna aliyesogea. Nani aguse majani yale? Ni Mukabaranga aliyetoka kati yetu, akabeba fungu kichwani, akasema: "Wakitaka kunipiga, wanipige mujukuu wangu akiwa mukavu." Nyuma yake alienda Kayitare, yule wa moto, na koti lake la Misa, kichwa chini. Hapo sisi wote tukamwagika kama siafu.

Majani hayakutosha. Kabera akaamuru tusifunike nyumba nzima, tufunike kona ya moto na kitanda tu, kila jamaa kona yake. Jioni mutoto wa Mukasine alilia kwa sauti, na sijawahi kufurahia kelele kama ile. Hatukuzika mutoto mwingine.

Bwana Mukubwa alifika na mvua. Akafungua mulango wa jiti, akakuta kitanda ndani ya maji na mawingu juu yake. Akauliza ni nani. Shefu alitetemeka mupaka medali ikalia. Kabera akatoka mbele: "Ni miye."

Alipigwa fimbo mbele yetu, mugongo wazi, wanawake wakafunika macho ya watoto. Muntu aliyetubakizia watoto! Na alipoinuka, damu inatiririka, munajua alisema nini? Aliwaambia askari kwamba hema walilomupigia Bwana Mukubwa badala ya jiti limefungwa katika njia ya maji. Hawakumusikiliza. Hema likajaa maji. Kabera wakamupeleka buloko, gereza la Masisi, na ukapita wake akapewa Sebarenzi.

Alipotoka buloko alirudi sheferi asubuhi ileile, akaomba kazi ya kubeba miti chini ya Sebarenzi. Sikuamini macho yangu. Alibeba bila kununa, ingawa alimugombeza mukubwa wake kila siku kwa sababu ya kuta, mupaka Sebarenzi mwenyewe akaenda kumuomba Shefu amurudishie Kabera ukapita, ili yeye Sebarenzi apate kulala.

Matunda yake ni haya. Kayitare alisimama barazani kwa Shefu, akataka sheferi iweke sheria: kila mwaka, kila kijiji, kilima kimoja kisichomwe. Ikawekwa. Upepo uliporudi 1954, majani yalikuwepo, na hakuna familia iliyolala wazi zaidi ya siku chache. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Kabera alitufaa akilipa kwa ngozi yake.

Juma lililopita alikabidhi kazi kwa kapita mupya, Jean-Marie. Shefu alikuwepo, Bwana Mukubwa wa sasa alikuwepo, wote wamekaa vizuri. Jean-Marie akamuuliza kwa heshima: Papa, upepo mubaya ukirudi na majani yakikosekana, nianzie wapi? Kabera akajibu palepale, sauti ileile ya juu ya paa: "Anzia jiti." Jean-Marie akamukumbusha kwamba siku hizi jiti iko na mabati. Muzee huyu akageuka, akamuangalia Bwana Mukubwa, akamuangalia Shefu, akamwambia kijana: "Misumari inang'oka pia. Nitakuonyesha."

Asante, Papa Kabera, kwa yote, hata kwa yale yaliyotutoa roho. Mungu akupe uzee mwema pamoja na Mama Constance, ng'ombe zako zizae, na mvua ikinyesha, wewe ulale.