Kifungu cha Kumi na Moja: Maisha ya Mzee Othmar Ndimbo wa Kitura

Tumsifu Yesu Kristo.

Mapadre wetu, viongozi, majirani wa Kitura na Mapera, na ninyi wakwe zetu mliopanda milima tangu alfajiri kutoka Liuli, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Kabla wasifu haujaanza, fungueni vitabu vyenu ukurasa wa tatu. Mtaona katikati pana nafasi nyeupe. Mashine ya Hamphrey, mchapaji wetu pale Mbinga mjini, haikukosea. Palikuwa na aya, ikatolewa, nayo itasomwa kwa mdomo tukifika hapo. Anayewasomea ni Gaudiosa, binti wa kwanza wa marehemu. Anaogopa. Wala haoni sababu ya kuficha, maana anamzika mtu ambaye hakuwahi kuuficha woga wake hata siku moja.

Mzee Othmar Ndimbo alizaliwa tarehe 14 Septemba 1950 hapa hapa Kitura, mtoto wa tatu wa Mzee Stephano Ndimbo na Mama Beata. Alibatizwa parokiani Mapera wiki mbili baadaye. Alikulia kwenye mashimo ya ngolo, yale ya kulimia mteremkoni, na miche ya kahawa, na kila jioni alikula kwenye sengu ya babu yake. Kwa vijana mnaoijua sengu kwa kusimuliwa tu: ukoo unakula pamoja, watu wakishanawa mikono linawekwa jambo, kila mmoja analisemea. Kwa akina Ndimbo anaanza mdogo na anamalizia mkubwa. Mkubwa akishasema, hakuna anayefungua mdomo tena, jambo limekwisha. Dada yake, Shangazi Otilia, anakumbuka kwamba Othmar aliogopa kinyonga, radi, na maji yoyote yanayopita magoti. Siku alipopewa zamu yake ya kwanza, akiwa na miaka sita, alisimama akasema, "Mimi naogopa," akakaa. Watu walicheka mpaka machozi. Babu yake peke yake hakucheka. Alimwuliza, "Unaogopa nini?" halafu akatulia kusubiri jibu.

Alisoma shule ya msingi Mapera kuanzia mwaka 1958, akaendelea na sekondari Songea, na mwaka 1972 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea fizikia. Barua ya kukubaliwa ilifika msimu wa kuchuma kahawa. Aliisoma akiwa juu ya ngazi, akashuka polepole, ngazi moja moja, asije akaanguka kwa furaha na chuo kikampotea.

Alipomaliza mwaka 1975 alifundisha miaka minne, kisha akaajiriwa kwenye maabara ya serikali ya kupima mionzi, Arusha. Kuanzia mwaka 1991 hadi 2006 alikuwa mkaguzi wa kimataifa wa nyuklia, makao yake Vienna. Akirudi likizo, majirani walikuwa wanamsumbua kweli. "Mwalimu, eti unatengeneza mabomu?" Anajibu, "Nahakikisha hayatengenezwi." "Na ukikuta yanatengenezwa?" "Naandika barua." Basi, hapo kicheko cha Kitura nzima! Yeye anaeleza bila kukasirika kwamba mataifa hayaaminiani hata chembe, ndiyo maana yanaandikiana mikataba, na mkataba usiokuwa na mtu wa kuhesabu mapipa na kukagua lakiri ni karatasi ya kufungia vitumbua. Alihesabu mapipa kwa miaka kumi na mitano. Alisema woga wake ndio uliompa kazi, kwa kuwa mtu asiyeogopa anahesabu mara moja tu.

Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa na Recho, binti wa mvuvi wa Liuli, Mwanglikana. Mtu wa milimani kwenda kuposa ziwani, jamani! Wakwe walimchukua kwa mtumbwi kwenda kumsalimia bibi wa Recho ng'ambo ya ghuba. Mchumba alilala kifudifudi katikati ya mtumbwi, akafumba macho, akasali rozari nzima kwa sauti, na Waanglikana wale wakapiga kasia huku wakiitikia. Shemeji yake Rodrick alikuwa kasiani siku ile, na mpaka juzi alikuwa anamwigiza. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa tumefika kwenye nafasi nyeupe.

Mwaka 2019, akiwa mstaafu anayepogoa kahawa zake, Mzee Othmar aliitwa Dodoma kwenye kamati ya watu saba iliyopitia rasimu ya mkataba na nchi moja ya mbali. Mkataba ulihusu mapipa ya unga wa urani, yatakayoshushwa kutoka bara na kuvushwa kwa tishari, chombo bapa cha mizigo, juu ya Ziwa Nyasa. Hayalipuki, na marehemu alichoka kulieleza hilo. Ila ni sumu, na sumu inataka kutangazwa mapema. Kwa hiyo rasimu ilikuwa na kifungu cha kumi na moja: pipa likizama, watu wa pande zote mbili za ziwa waambiwe ndani ya siku moja, na uvuvi usimame mpaka maji yapimwe.

Jumatano tarehe 9 Oktoba kifungu hicho kikawekwa mezani. Mjumbe mmoja akasema, "Tukiwaarifu wa ng'ambo rasmi, tumekiri kwamba ziwa lote ni lao, kama wanavyodai." Mwingine akasema, "Na uchaguzi huu hapa mlangoni. Wenzetu watapanda majukwaani waseme tumeuza ziwa. Tutajibu nini?" Hakuna aliyezungumzia maji wala samaki. Mzee Othmar alikuwa na hoja zake kwenye karatasi mbili, na alikuwa mkubwa kuliko wote mle ndani. Akafanya alivyolelewa. Akanyamaza, akasubiri wadogo wamalize ili amalizie yeye.

Mwenyekiti akaangaza macho mezani, akasema, "Naona hakuna mwenye neno zaidi. Kifungu kinatoka." Chai ikaletwa. Mzee Othmar akasema, "Lakini mimi sijasema." Mwenyekiti akamjibu kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, ulikuwa kimya, tukajua umeridhika." Angeweza kusimama. Angeweza kugonga meza. Alisema mwenyewe, na familia imeona tusimpunguzie: aliogopa, akanywa chai.

Hapo ndipo aya iliyotolewa inapoishia.

Tangu safari za tishari zilipoanza, hakulala vizuri. Kila Jumamosi alipanda basi mpaka Mbamba Bay, kisha bodaboda mpaka Liuli, begani ana kipima mionzi chake cha mkononi. Alikunja suruali, akaingia ziwani mpaka magotini, kifaa kikalia tik, tik, akaandika kwenye daftari. Rodrick alikuwa anaacha nyavu zake na kumfuata.

"Shemeji, leo kimesemaje?"

"Kimesema kawaida."

"Sasa mbona unaogopa?"

"Kimesema ya maji ya magotini, Rodrick. Mapipa hayaogelei. Likizama, litakuwa chini kule nisikofika."

Februari 2023 tishari lilipigwa na dhoruba, likafika ng'ambo limeinama. Mzee Othmar alikwenda bandarini kuuliza: yalipakiwa mapipa mangapi, na yameshushwa mangapi? Akaambiwa, "Mzee, habari hiyo haiko hapa." Akaandika barua nne. Hakujibiwa hata moja, na kwa jinsi mkataba ulivyo hakuna aliyelazimika kumjibu. Familia haisemi kwamba pipa limezama. Huenda hayakupungua. Hatujui, na kutojua huko ndiko kulikomtia baba hofu kuliko kitu chochote alichowahi kupima. Wiki iliyofuata Recho alileta usipa, vidagaa vya ziwani, kutoka kwao. Marehemu aliushika mkononi muda mrefu, akautazama, mwishoni akala, kwa sababu angeukataa mbele ya mke wake angekuwa amewatangazia wakwe zake kifo kwa dhana tu. Alikula na machozi yanamtoka. Mama akamsogezea ugali.

Mwezi wa kwanza mwaka huu miguu ilianza kumvimba. Alitibiwa katika hospitali ya misheni, na swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa, "Ni mionzi?" Daktari akamwambia, "Hapana Mzee, ni moyo. Umechoka." Akashusha pumzi, akasema, "Afadhali." Sijui ni mgonjwa gani mwingine amewahi kuambiwa moyo umechoka akafurahi.

Mwezi wa tano likatoka tangazo kwamba mkataba unaisha muda na utaandikwa upya, na wananchi watatoa maoni yao Mbinga. Siku ile ile alimtuma mwanawe Vitalis kwa bodaboda akaandikishe jina lake. "Namba moja," alimsisitiza. "Ukikuta kuna mtu ametangulia, mpigie magoti." Vitalis alikuta ofisi haijafunguliwa, akakaa mlangoni. Jina la Othmar Ndimbo likaandikwa namba moja. Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi jioni, zikiwa zimebaki siku saba, moyo ulisimama. Alikuwa kitandani kwake, ameshika mkono wa Recho. Alikuwa anaogopa, na alimwambia hivyo. Mama akamwuliza, "Unaogopa nini?" Akasema, "Ya ziwa."

Alhamisi mchana walikuja wageni wawili, mashati meupe, wapole. Walitoa pole, wakakaa mkekani, wakala na sisi. Kisha wakaomba kuona kitabu cha mazishi. Mmoja akaweka kidole kwenye aya ile akasema, "Hii iondoke. Msiba ni msiba, tusiuchanganye na mambo ya nchi. Mna watoto kwenye ajira, mnajua." Walikuwa wameshapita kwa Hamphrey. Nawaona wapo nasi leo, pale karibu na turubai la pili. Karibuni, na asanteni kwa kuja.

Jioni familia ilikaa sengu. Mezani jambo lilikuwa moja: isomwe au isisomwe? Tulikula bila hamu. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Glorious, mjukuu mdogo kuliko wote waliokuwepo, ambaye ameomba kazi ya ualimu na anasubiri majibu. Alisimama akaanza kulia kabla hajasema. Kila mmoja wetu alikuwa anahesabu moyoni atakachopoteza, na tukiri kwamba maneno ya kukataa yalikuwa yameshajaa midomoni.

Ndipo Shangazi Otilia, mwenye miaka themanini na mitatu, akasema, "Kaa chini, mwanangu. Leo naanza mimi."

Vitalis akasema, "Shangazi, wewe ni wa mwisho."

"Mdogo wangu alisubiri kuwa wa mwisho kule Dodoma, zamu ikampita. Isomwe."

Na kwa kuwa mkubwa akishasema hakuna anayefungua mdomo tena, sengu ikaisha. Ndiyo maana mmesomewa. Tunaogopa bado. Glorious anaogopa, Hamphrey anaogopa, na mimi ninayewasomea naogopa.

Marehemu ameacha mjane, Recho, watoto watatu, Gaudiosa, Vitalis na Notburga, wajukuu saba, dada yake Otilia, shemeji yake Rodrick, ambaye kesho kutwa atarudi majini kama kawaida, kwa sababu watoto wanakula, na madaftari sita ya vipimo vya maji, yaliyoko sebuleni kwa yeyote anayetaka kuyaona.

Mkutano wa maoni ni Jumanne hii, saa tatu asubuhi, Mbinga mjini. Jina la namba moja bado ni lake, hatujalifuta. Mama Recho, akiwa na kaniki yake ya eda, atasimama mahali pake. Hotuba ilikutwa chini ya mto wa marehemu. Ina mstari mmoja, na aliuandika kwa karibu miaka sita: "Naomba kifungu cha kumi na moja kirudishwe."

Baba, zamu yako imefika na umesema. Lala sasa, usiogope tena. Hofu hiyo tuachie sisi.