Zadock Kaimenyi na Darasa Lake la Al Qusais

Wapendwa, familia imenituma mimi Isaiah, kakake Serah, niwasomee maisha ya shemeji yangu. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa na yeye alikuwa Mmethodisti wa kupindukia, kwa hivyo mtanivumilia.

Zadock Kaimenyi alizaliwa Kaaga, Meru, tarehe 4 Juni 1969, mtoto wa tatu wa Mama Jerusha Nkirote. Alisoma huko huko, msingi na upili. Akiwa kidato cha pili tayari aliongoza darasa, lile kundi dogo la Wamethodisti ambamo kila mtu, kwa zamu, husema roho yake inaendeleaje. Ukijibu "niko sawa tu," Zadock alikuwa anakurudia.

Alifika Dubai Agosti 2001, kulinda maghala Al Qusais. Jumapili ya kwanza alivaa suti akatafuta kanisa, akakuta geti la Waanglikana limefungwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hapa tunaabudu Ijumaa. Akasimama juani akaimba nyimbo nne peke yake, mpaka Josephat, mtunza kanisa kutoka Dodoma, akamfungulia. "Ingia, kaka, uimbie kivulini."

Tangu hapo alishiriki meza ya Bwana kwetu, na Ijumaa jioni akaongoza darasa chumbani kwake. Humo ndimo alimompata dada yangu Serah, aliyekuwa akifanya kazi kwa madam mmoja Mirdif. Walifunga ndoa kanisani kwetu tarehe 12 Septemba 2003. Nilimtania kwamba hatimaye tumemnasa. Akacheka: "Shemeji, nimerudi tu kwa mama."

Mwaka 2008 figo zilianza kumsumbua. Januari iliyofuata, Zadock akiwa amelazwa, kasisi wetu alilikataza darasa lake, lililosali nasi, kuomba wote kwa sauti katika ibada. Walikasirika, wakatafuta ukumbi Al Barsha wajitenge. Caren, msaidizi wake, akamletea habari: "Kiongozi, khalas, imekwisha, tunahama." Zadock alilia mbele yetu. Alichoogopa maishani ni watu wake kutawanyika.

"Caren," alisema, "Wesley aliyeanzisha Umethodisti wetu alibatizwa Mwanglikana, akafa akiwa kasisi wa Anglikana. Moto aliuwasha nyumbani kwa mama. Nyinyi mnaubeba mwende nao wapi?"

Caren aliondoka. Mimi nami nilikwenda kwa kasisi, nikamwambia maneno mawili matatu ambayo si ya kusoma hapa.

Zadock alifariki Alhamisi, tarehe 12 Machi 2009, akiwa na miaka thelathini na tisa. Hakujua wameamua nini.

Kesho yake, darasa zima liliingia kanisani kwetu na kuketi viti vya mbele. Kasisi akafunga kitabu cha sala, akasema, "Leo tuombe alivyowafundisha." Tukaomba wote kwa sauti, kasisi naye. Mimi, ambaye sijawahi kupaza sauti kanisani, niliambiwa nilisikika hadi barabarani. Nilifurahi mno, sitawaficha.

Ameacha mjane wake Serah, binti yake Kanana, miaka minne, aliye kwa nyanya yake Kaaga, mama yake Zadock, Jerusha, ndugu wanne, shemeji mmoja mkaidi, na darasa la watu thelathini na wanane. Hakuna aliyehama.

Pumzika, shemeji. Bwana akupokee kwa shangwe.