Maji Yasilale

Vita vilipousogelea tena mji wa Uvira, wako waliohama mtaa wa Rugenge na wako waliobaki, lakini benchi la wazee, lililoitwa Parlement, halikwenda popote. Ni ubao mrefu uliokalia matofali, umeegemea ukuta wa nyumba ya mwalimu mzee Basile chini kabisa ya dirisha la sebule, na mbele yake Mama Agathe huweka mbabula yake ya makaa na birika la kahawa. Siku hizo pikipiki zilikuwa zimenyamaza, ziwa limefungwa kwa wavuvi, na umeme haukuonekana tangu milio ya bunduki ianze kusikika upande wa uwanda. Mji ulikuwa unasinzia umekaa, jicho moja wazi. Sauti moja tu ilitoka dirishani, juu ya vichwa vya wanywaji wa kahawa: blu-blu-blu, mapovu yakipanda ndani ya sanduku la kioo. Wenye benchi walikuwa wameizoea mno, hata wakinyamaza wote kwa pamoja walijiona kama wamempisha mwenzao aseme.

Mchana huo sauti ikaanza kujikokota. Blu. Kimya. Blu-blu. Kimya kirefu. Basile aliisikia kabla ya wote, maana masikio yake yalikuwa dirishani hata pale mdomo wake ulipokuwa kwenye kahawa.

Sanduku lile alikuwa akiliita bahari, na hakuwa anatania. Binti yake Délice, mchuuzi wa vitenge, alilileta kutoka Dar es Salaam pamoja na mfuko wa chumvi ya kuchanganyia maji, mawe yenye uhai yanayofunguka kama maua yakipata mwanga, na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Mji mzima ulicheka. Mtu analeta samaki Uvira? Lakini Basile alikuwa amefundisha jiografia maisha yake yote, ameichora bahari kwa chaki ya buluu hadi vidole vikawa vya buluu, na hajawahi kuiona hata siku moja. Délice alilijua hilo. Alimletea babaye bahari sebuleni, na Basile alilia mbele ya wageni bila aibu.

Kisha Délice akaondoka tena, safari ya kawaida ya kufuata mali Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Kabla ya kutoka aliweka kiganja kwenye kioo. "Papa," akasema, "maji yasilale. Yakilala, wanakufa." Boti ikaondoka, bandari ikafungwa, mtandao wa simu ukakatika. Tangu hapo Basile alikuwa ameanza kuamini jambo ambalo asingethubutu kulitamka mbele ya darasa: kwamba maadamu maji hayajalala, Délice naye yuko macho mahali fulani, mzima. Sahani ya umeme wa jua iliyokuwa juu ya bati ilibebwa na wenye bunduki waliopita. Ilibaki betri ya gari ya kuendesha pampu ya mapovu, na betri ndiyo iliyokuwa inakata roho.

— Papa Délice, ile kintu yako iko nachoka, akasema Ndikumana.

Ndikumana aliitwa Ingénieur. Alilipata jina hilo siku alipojaribu kuunganisha redio yake na taa ya jirani akaitia giza avenue nzima.

— Batri njo inaisha, Basile akajibu. Jua likifika kule mulimani, haitakuwa na kitu.

— Batri haiishake, Papa. Batri inasinziaka. Weye uitoe, uiweke ku jua, uifunike na blanketi kama muntu wa malaria. Itatoka jasho, itaamuka.

— Nimeisha kuifanya ivyo. Jana na leo.

— Blanketi ya namna gani?

— Ndikumana!

— Nauliza tu. Iko blanketi na blanketi.

Upande wa pili wa benchi Gratien alijikohoza. Huyu ni Colonel. Hajawahi kushika bunduki, ila ana koti la vifungo vya shaba alilolinunua kwenye mitumba, na kila jeshi lililopita Uvira yeye ameshalipanga upya kwa kijiko cha kahawa.

— Minye naona kintu moja tu, ni stratégie, akasema. Pale ku barrière ya barabara, basoda ba jeshi biko na groupe. Mashine ya courant, inalia mchana kutwa, inachaji basimu yabo. Tunatuma délégation. Tunabaambia: hawa samaki haviko na chama, haviko na kabila, vinaomba waya moja tu.

— Na nani ataenda? akauliza Basile.

— Délégation.

— Njo nani iyo délégation?

— Colonel haendake, ndugu yangu. Colonel anatumaka.

Mama Agathe alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakunja uso ghafla, kama kawaida yake.

— Miye nabaangalia nyinyi nashangaa. Ndagala haijaonekana ku soko tangu ziwa bafunge. Batoto bako nakula sombe kavu, majani ya mihogo tu. Na nyinyi muko namulilia samaki mbili ata sahani haijae! Mimi ningekuwa nilishabakaangaka siku ya kwanza.

Dirishani ikasikika blu moja, ya kuombwa. Agathe alimtazama Basile, akajutia kinywa chake. Alimwongezea kahawa bila kuombwa. Ndivyo Agathe anavyoomba msamaha.

— Dynamo! Ingénieur akaruka. Papa Délice, dynamo za kinga, za baisikeli! Tunakusanya kinga zote za mutaa wa Kilibula, tunazisimamisha mustari moja, vijana banapiga pédale, kila dynamo inapatia ingine mukono. Courant inatembea mpaka hapa.

— Basoda bakiona kinga zote zile ziko nakimbia na haziendi popote, batasema ni mashine ya vita, Colonel akasema. Batabapiga.

— Basi niko na ingine. Lakini hii, bantu bisiisikie.

Wote wakainama, ingawa barabarani hapakuwa na kiumbe ila mbuzi wa jirani.

— Mu ziwa yetu, Ingénieur akanong'ona, kuko ule samaki mweusi, munene, anapigaka muntu courant. Ukimugusa, mukono inakufa mpaka kiwiko. Siyo bongo, ni kweli! Sasa tuwaze. Moja anapiga mukono. Kumi? Makumi mbili mu besheni moja, waya ku kichwa, waya ku mukia... Samaki ya ziwa inapatia samaki ya bahari courant. Kati yabo benyewe. Familia!

Mtu mwingine angeangua kicheko. Basile alifumba macho, na kwa muda, Mungu amsamehe, aliiona. Aliwaona samaki weusi wa Tanganyika wamelala besheni nzima sebuleni, wazee wazito wenye sharubu, wakitoa nguvu zao taratibu kwa wale wageni wawili wadogo wa rangi ya machungwa. Aliona sanduku linang'aa peke yake katika mji wenye giza, mwanga ukitoka dirishani, ukiteremka hadi ziwani na kuvuka maji mpaka ng'ambo, na huko mtu mmoja amesimama gatini na robota la vitenge kichwani, anasema: lo, kumbe Papa bado yuko macho. Ilikuwa ndoto tamu, na hakutaka kuitoka.

— Na nani atabavua? akauliza Agathe. Ziwa imefungwa.

Ndoto ikaisha.

— Basi tubatie humo mu ziwa hao wawili, Colonel akasema. Minye nilisikiaka hii Tanganyika zamani ilikuwa bahari. Batazoea. Minye mwenyewe nilizoea Rugenge.

— Habamalizi ata siku moja humo, Gratien, Basile akasema. Maji yetu haina chumvi.

— Tuipatie chumvi! Kila nyumba inaleta kijiko...

— Ziwa lote?

— Pembeni tu.

Blu. Kisha kimya kilichozidi vile vingine vyote. Basile akahesabu pumzi zake mwenyewe. Blu.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipotokea upande wa barabara ya uwanda, robota la nguo kichwani na kuku chini ya kwapa. Vumbi lilikuwa limempaka mpaka kope. Aliwasalimu wote, akaomba maji ya kunywa. Akasema anaitwa Pélagie, ametoka Katogota huko uwandani kwa miguu, na kwamba kule wamelima mihogo na sasa hakuna wa kuing'oa. Colonel alimpisha kwenye benchi, jambo ambalo Colonel hajawahi kumfanyia mtu. Agathe alitikisa birika, akaona imebaki ya kopo moja, akammiminia. Ilikuwa ya moto sana, kwa hiyo akachukua kopo la pili na kuanza kuipoza kwa desturi yake: analiinua kopo moja juu ya kichwa, kahawa inashuka uzi mrefu mpaka kwenye kopo la chini, anabadilisha, inashuka tena.

Pélagie alisikiliza ubishi wa chumvi, wa dynamo na wa groupe ukianza upya. Alisikiliza kwa adabu ya mgeni. Mwishoni akauliza:

— Munisamehe, bapapa. Kule mu bahari, aba samaki, courant yabo inatokaka wapi?

Ingénieur na Colonel wakamgeukia Basile.

Basile peke yake ndiye aliyekuwa na jibu. Lilikuwa jibu la darasa la tano, alilowaandikia watoto ubaoni mwaka baada ya mwaka: upepo unasukuma maji, maji yanainuka, yanaanguka, yanajipiga na kuchukua hewa. Alikuwa akiitazama kahawa inavyoanguka kutoka kwenye mkono wa Agathe, inavyotua na kufanya povu. Inainuka, inaanguka. Akajiona mpumbavu, na moyo ukamwenda mbio kwa furaha. Dirishani hapakusikika kitu tena. Betri ilikuwa imekufa.

— Agathe! Leta kopo!

Aliingia ndani, wote nyuma yake. Samaki wawili walikuwa wamepanda juu kabisa, midomo nje, wanameza hewa. Basile aliosha kopo, akalizamisha, akaliinua juu kadiri mkono wake wa kizee ulivyofika, akamimina. Maji yakaanguka na kutoboa usingizi wa yale mengine. Mapovu yakatawanyika mpaka chini kwenye mawe. Akachota tena, akamimina tena.

— Juu zaidi, Papa! Ingénieur akasema. Ile urefu njo iko na courant!

— Kwa mupango! Colonel akaamuru. Moja, chota! Mbili, mwaga!

Mkono wa Basile ulipochoka Ingénieur alipokea, naye akampa Colonel, ambaye alivua koti la vifungo vya shaba kwanza na kulikunja vizuri. Agathe alizima mbabula, maana kahawa ilikuwa imekwisha na wateja wake wote walikuwa sebuleni, akaja na besheni ya kukinga yanayomwagika. Wakaona zamu ni ndefu na miguu ni mizee, wakatoka wakaliinua lile benchi, wakaliingiza ndani. Parlement ikakaa mbele ya bahari. Samaki mmoja alishuka chini ya maporomoko, akatulia pale anatikisa mapezi. Halafu wa pili akamfuata. Basile aliwatazama wakishuka.

Zamu ikamfikia Pélagie, ambaye Agathe alikuwa amemsimulia habari za Délice. Alimkabidhi Agathe kuku wake, akapandisha mkono wa nguo yake yenye vumbi, akamimina polepole, vizuri kuliko wote. Macho yake yakatoka kwenye kioo yakaenda mlangoni, kule barabara ya uwanda inakopita. Naye alikuwa na mtu huko nyuma.

— Na mwenyewe ya aba samaki, akauliza, anarudiaka lini?

Maji yaliendelea kuanguka, kuchotwa, kuanguka. Basile alitaka kusema "kesho". Alikuwa amelisema neno hilo kila siku tangu bandari ifungwe, kwa sauti ya mwalimu, na hakuna aliyembishia. Sasa lilikuja mpaka kwenye meno, likakataa kutoka.

— Sijui, Mama, akasema. Sijui kabisa.

Akanyoosha mkono.

— Lete kopo. Iko zamu yangu.